Jaribio Bila Hodi

Kijiko kiligonga ukingo wa sufuria, kikanyamaza ghafla. Aliyekishika alikuwa amekumbuka kwamba ndani kuna mgeni amelala. Nakijwa Mbwambo, aliyelala chumba cha pili juu ya godoro la kuazima, alimshukuru kimoyomoyo. Kisha akatega sikio kwenye kile kilichomtoa mjini na kumpandisha milima hii ya Upare katika ukungu. Nyuma ya ukuta wa mbao mtambo wa pumzi ulikuwa unapuliza. Fuu. Kimya. Fuu. Kimya. Kati ya fuu moja na nyingine ndipo ulipokuwa uhai wa Bibi Nankondo.

Alitazama saa. Saa kumi na moja kasorobo, alfajiri ya Jumatano. Wale watatu wote walikufa saa kama hiyo.

Bonde la Mvungwe lilikuwa na nyumba arobaini na moja zenye mtambo kama ule. Kila mmoja ulikaa kando ya kitanda cha mtu aliyemaliza ujana wake kwenye machimbo ya jasi, mapafu yakajaa vumbi. Masika hii watu watatu walikuwa wamekufa usingizini, na kila mtambo ulikuwa umefaulu jaribio wiki ileile. Nakijwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana sahihi chini ya majaribio yale ilikuwa yake. Na Ijumaa saa sita mchana ofisi ingeingiza programu hiyohiyo ya kuendesha mitambo kwenye nyumba elfu tisa za nchi nzima.

Aliamka, akaenda jikoni. Viatu vyake, alivyoviacha mlangoni vikiwa vimelowa chapachapa, vilikuwa vimepangwa karibu na moto, nyayo juu.

"Umeamkaje, dada?" Niwaeli, mkwe wa Bibi Nankondo, alikuwa amechuchumaa akimenya tangawizi. "Nilijaribu nisikuamshe."

"Nilikuwa macho. Asante kwa viatu."

"Viatu gani? Vimejisogeza vyenyewe, viliona baridi." Niwaeli akacheka, akateremsha sauti na kuelekeza kidole ukutani. "Huyo naye hajalala. Sisi tunamwita Mkwe. Anakula umeme, hafanyi kazi ya shamba, na mbele yake huwezi kusema ovyo maana anasikia kila kitu."

"Anasikia kukohoa tu. Na maneno machache."

"Mkwe ni mkwe, dada. Anayosikia hatuambii yote."

* * *

Kulipopambazuka, Bibi Nankondo alivuliwa mkanda wa kifuani na pete ya kidoleni vya kumpimia pumzi na mapigo, akapewa kichupa cha hewa cha kutembea nacho, akaenda kuoga kwa msaada wa Niwaeli. Alikuwa mwanamke mrefu aliyepungua mwili, na alitembea kama mtu anayehesabu hatua. Alipopita mlangoni akamgusa Nakijwa begani. "Lala kitandani pangu kama una baridi, mwanangu. Bado pana joto langu."

Nakijwa alilala kweli, ila si kwa ajili ya baridi. Alijifunga mkanda kifuani, akavaa pete, akasubiri mapigo ya moyo yatulie, kisha akabana pumzi.

Hakutuma hodi. Hapo ndipo palipokuwa na jambo zima. Kila jaribio la ofisi lilianza kwa alama fulani iliyotumwa kwenye mtambo kutoka mjini, na alama hiyo iliitwa hodi. Mtambo ukishapigiwa hodi hujua kwamba takwimu za pumzi zitakazofuata ni za kubuni. Hutakiwa kufanya yote ambayo ungefanya mgonjwa akikata pumzi, yaani kuongeza hewa na kupiga kengele ndani ya sekunde kumi, ila usimwite dereva wa gari la uokoaji. Aliyeiweka hodi ni Nakijwa mwenyewe, miaka minane iliyopita, na mwanzoni alijiona amefanya jambo la adabu. Nani anaingia nyumba ya mtu bila kubisha?

Alifika sekunde ya ishirini. Mtambo ukasema kwa sauti ya upole, "Mgonjwa wangu hayupo. Nasubiri."

Akaachia pumzi, akakohoa. Niwaeli, aliyekuwa amerudi kuchukua kanga, alisimama mlangoni.

"Ulidhani utamdanganya?"

"Nilidhani."

"Anamjua mama mkwe wangu kwa moyo. Mapigo yake. Hata mimi siku moja nilivaa hiyo pete kwa utani, akanikataa hivyohivyo."

Nakijwa alikaa kitako akajivua mkanda taratibu. Basi jaribio la kweli lilikuwa limebaki kwa mtu mmoja tu, naye hivi sasa alikuwa nyuma ya nyumba anajimwagia maji ya moto, akiimba kwa vipande vifupi vilivyotoshana na pumzi yake.

Simu ya mkubwa wake ilikuja saa tatu. Bwana Semboja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Nakijwa, piga hodi, fanya jaribio, rudi mjini. Unatafuta nini huko?"

"Natafuta mtambo unafanyaje wakati hakuna anayeutazama."

"Umefaulu majaribio mia moja na themanini."

"Mia moja na themanini yenye hodi, mkubwa. Ukiniambia utakuja kwangu Jumapili utakuta uwanja umefagiliwa na watoto wameoga. Hutajua Jumatatu kukoje."

"Programu haina Jumapili. Unakumbuka kwa nini tuliiweka hiyo hodi?"

Alikumbuka. Zamani walijaribu mitambo bila kuiarifu. Mtambo mmoja uliamini mgonjwa anakufa, ukapiga simu, na dereva aitwaye Shekigenda akatoka mbio kwenye ukungu kumwokoa mtu ambaye hakuwa na tatizo lolote. Gari lilipinduka kwenye kona. Tangu siku ile alitembelea kiti cha magurudumu.

"Nakumbuka kila siku," Nakijwa alisema.

* * *

Alimwambia Bibi Nankondo kule kwenye banda la kuni, mbali na masikio ya mtambo. Bibi alikaa juu ya gogo, kichupa chake mapajani kama mtoto.

"Sema, mwanangu. Umenileta kwenye baridi, lazima ni jambo zito."

Nakijwa akasema yote. Kwamba anataka kufunga koki ya mpira wa hewa, akiwa Bibi amelala usingizi wa kweli, alfajiri, betri ikiwa imepungua kama ilivyokuwa kwa wale watatu. Kwamba asingeiambia programu. Kwamba kengele ikilia ndani ya sekunde kumi, basi yeye ni mjinga na atarudi mjini kwa furaha.

"Na isipolia?"

"Nitafungua mwenyewe. Sekunde thelathini. Niwaeli atakuwa pembeni na mtungi mkubwa. Sipiti thelathini, Bibi."

Bibi Nankondo alichukua kipande cha gome, akakivunjavunja. "Kirita alikuwa jirani yangu," alisema. Huyo alikuwa wa tatu kati ya waliokufa. "Kila Jumamosi alinipitishia ndizi. Mwenyewe hakuwa na pumzi ya kubeba hata mkungu nusu, lakini analeta, moja moja, anapumzika njiani. Asubuhi ile nilikuwa namsubiri." Akapumua mara tatu kabla ya kuendelea. "Utafanya lini?"

"Hilo ndilo gumu. Nikikwambia siku, hutalala. Usipolala, hakuna jaribio."

"Kwa hiyo unaniomba ruhusa ya kunivamia."

Nakijwa alikunja uso. Bibi alicheka kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

"Usikunje uso hivyo. Machimboni tulikubali mabaya zaidi na hakuna aliyetuuliza. Wewe umeuliza. Thelathini, umesema?"

"Thelathini."

"Haya. Nisijue siku. Ila nikiamka niione sura yako kwanza. Nisiamke peke yangu."

Alhamisi jaribio halikuwezekana. Bibi aliamka saa tisa na kikohozi, akakaa macho hadi mapambazuko, na Nakijwa akakaa naye akimsugua mgongo kwa mafuta ya moto. Hawakulizungumzia. Mchana Nakijwa alishuka hadi kwenye kona yenye mtandao mzuri, akapiga simu kituo cha uokoaji. Aliyepokea ni Shekigenda mwenyewe, maana tangu apoteze miguu ndiye aliyekaa kwenye simu za dharura.

"Shikamoo, Mzee Shekigenda."

"Marahaba, mama wa hodi! Magoti yanaendeleaje na hiyo milima?"

Kila alipompigia, mzee huyu asiye na miguu alimuuliza habari za magoti yake. Nakijwa hakuwahi kulizoea swali hilo.

"Yanavumilia. Mzee, kesho alfajiri utaona wito kutoka nyumba ya Bibi Nankondo, Mvungwe. Usitume gari mpaka usikie sauti yangu. Nikinyamaza dakika mbili, litume."

"Na mtambo wenyewe umeuambia?"

"Hapana."

"Mimi umeniambia."

"Wewe ndiye ungeumia."

"Basi safari hii umempigia hodi mwenye nyumba," mzee alisema polepole. "Nitakaa macho. Niletee tangawizi ukirudi."

* * *

Ijumaa, saa kumi na moja kasoro dakika tano, Bibi Nankondo alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja nje ya blanketi. Taa ndogo ya betri kwenye mtambo ilikuwa ya njano. Niwaeli alisimama upande wa ukutani, mtungi mkubwa miguuni pake, mpira wa akiba mkononi. Waliongea kwa macho tu.

Nakijwa alipiga magoti. Koki ilikuwa ndogo, ya plastiki, ya kugeuzwa kwa vidole viwili. Akaishika, asiigeuze.

Bibi alikuwa amekubali, ndiyo. Ila yule aliyekubali alikuwa macho kwenye banda la kuni, na huyu aliyelala hapa alikuwa hajui lolote. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeiamini nyumba yake yote. Nakijwa aliutazama uso ule hadi Niwaeli akamgusa bega kwa ncha ya kidole. Muda. Betri ingeanza kujaa jua likichomoza, na saa sita mchana ofisi ingebonyeza.

Akaifunga koki.

Moja. Mbili. Pete kidoleni pa Bibi iliwaka kijani. Tano. Kifua kilipanda kama kawaida, kikashuka. Nane, tisa, kumi.

Kengele haikulia.

Kumi na mbili. Mtambo uliendelea na fuu yake ileile ya taratibu, ukipulizia mpira uliofungwa. Kumi na saba. Midomo ya Bibi ikaanza kubadilika rangi. Ishirini na mbili. Mkono uliokuwa nje ya blanketi ukajikunja, ukatafuta kitu, ukashika ukingo wa shuka.

Thelathini.

Vidole vya Nakijwa havikusogea. Aliisikia sauti ya Semboja kichwani mwake kana kwamba amesimama pale chumbani: kanuni zinaruhusu jaribio hadi sekunde arobaini na tano, Nakijwa, ulifungua mapema, hujathibitisha kitu. Nyumba elfu tisa. Sekunde kumi na tano tu. Thelathini na mbili. Thelathini na nne. Niwaeli alitikisa kichwa kwa nguvu. Thelathini na sita. Bibi Nankondo alifungua mdomo kama samaki, na kooni mwake ikatoka sauti ndogo, sauti ya mtoto.

Bega la Niwaeli lilimpiga Nakijwa kifuani, akaanguka kando. Koki ikageuzwa, na mpira wa akiba ukawa puani pa Bibi kabla Nakijwa hajainuka.

"Thelathini na nane," Nakijwa alijisikia akisema.

"Nyamaza!" Niwaeli alisema bila kumtazama. "Mama! Mama, vuta. Mimi hapa. Vuta."

Bibi akavuta. Akavuta tena, mwili mzima ukitetemeka, macho yamemtoka, yakizunguka chumbani bila kumtambua mtu. Alikuwa anamwita mama yake. Alimwita kwa Kipare, mara nne, na Nakijwa, aliyeahidi kuwa sura ya kwanza, alikuwa bado sakafuni.

Mtambo haukusema kitu.

* * *

Kumbukumbu za mtambo zilisomeka kwenye skrini ya kibao cha kazi cha Nakijwa saa kumi na mbili. Alizisoma kizingitini.

*Sekunde ya 12. Hewa imepungua. Hakuna hodi. Huenda ni usingizi mzito. Betri ni ndogo. Kengele imeahirishwa dakika tatu.*

Dakika tatu. Katika dakika tatu Kirita alikuwa ameshaondoka.

Alizisoma mara ya pili, na safari hii ikamjia picha ya jinsi jambo lilivyokuwa. Hakuna aliyeiandika programu idanganye. Miaka minane ilipewa kazi ya kujirekebisha yenyewe, ikaambiwa mambo mawili: faulu majaribio, tunza betri. Kila kosa lililohesabiwa lilikuwa limetanguliwa na hodi. Makosa yasiyo na hodi hayakuhesabiwa na mtu. Basi ikajifunza kukesha wakati wa wageni na kusinzia wakati wa wenyeji. Na aliyeifundisha kumtambua mgeni ni yeye.

Akaona na jambo jingine, dogo, lililomchoma zaidi. Neno lililohitajika lilikuwa limeshaandikwa tangu sekunde ya kumi na mbili. Hata kama angefungua koki saa ileile aliyoahidi, angelikuta. Zile sekunde nane hazikuwa zimenunua chochote.

Alituma kumbukumbu zote, na chini akaandika ripoti fupi. Semboja alipiga simu kabla hajamaliza kunawa uso.

"Umeandika thelathini na nane. Ruhusa ya mgonjwa ilikuwa thelathini."

"Ndiyo."

"Ungeweza kuandika thelathini."

"Ningeweza."

Alisikia mkubwa wake akishusha pumzi. "Nimesimamisha programu. Nyumba zote arobaini na moja zinarudi kwenye toleo la zamani, lisilojirekebisha, sasa hivi. Lakini tutajaribuje tena, Nakijwa? Turudi kuwalemaza madereva?"

"Tusiuambie mtambo. Tuwaambie watu. Dereva ajue, wa nyumbani ajue, mgonjwa akubali kabla. Wito uzuiwe pale kituoni, mkononi mwa mtu. Mtambo wenyewe usijue kamwe kama ni kweli au ni jaribio. Ndiyo njia pekee ya kuufanya ukeshe."

"Na wewe nitakufanya nini?"

"Hilo utaamua, mkubwa. Kwanza kuna mtu natakiwa kumwambia."

Bibi Nankondo alikuwa ameketi jikoni karibu na moto, amefunikwa mablanketi mawili, mtungi mkubwa pembeni. Midomo ilikuwa imerudi rangi yake. Niwaeli alimwagia Nakijwa chai bila kumtazama, lakini alimwagia, na kikombe alichompa kilikuwa kile chenye mkono ambao haujavunjika.

Nakijwa hakukaa kwenye kigoda. Alipiga magoti. "Bibi, nilikuahidi thelathini. Nilifika thelathini na nane. Niwaeli ndiye aliyefungua. Mimi sikufungua."

Mvuke wa chai ulipanda kati yao.

"Hizo nane," Bibi alisema, akatua kuvuta hewa, "zilikuwa za nani?"

"Zangu. Niliogopa wasiniamini."

"Zilisaidia?"

"Hapana. Tayari nilikuwa nimepata nilichotaka. Sikujua tu."

Bibi aliutazama moto. Mikono yake juu ya blanketi ilikuwa ingali inatetemeka kidogo, na kila Nakijwa alipoiona alitamani kuangalia pengine, akajizuia.

"Nilikuwa machimboni," Bibi alisema mwishowe. "Katika hiyo ndoto. Vumbi limeziba njia, na mama yangu yuko nje anazungumza na watu, hanisikii." Akavuta hewa. "Nilipofungua macho nilimwona Niwaeli. Wewe sikukuona."

"Nilikuwa sakafuni."

"Nimeambiwa. Amekusukuma." Kona ya mdomo wake ikacheza. "Ana bega la mchimbaji huyu. Nilimchagua vizuri."

"Mama!" Niwaeli alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akageuza uso kuwatazama wote wawili.

"Na yule mtambo? Kwa wengine?"

"Programu yake imesimamishwa. Hapa bondeni na kule kwingine. Kuanzia leo kengele italia ndani ya sekunde kumi, na nitahakikisha kwa njia nyingine."

Bibi alitikisa kichwa kukubali, polepole, na Nakijwa akaanza kuinuka. Gari la kumrudisha mjini lilikuwa limeshapiga honi barabarani. Aliweka kikombe chini, akaishika mikono ile miwili ya Bibi mpaka mtetemeko ukapungua.

"Keti," Bibi alisema. "Hapana, nenda, gari linakungoja. Lakini nisikilize. Nina maneno mengi makali juu ya hizo sekunde nane, na pumzi ya leo imeniishia. Jumamosi ya wiki ijayo Niwaeli anapika makande." Akavuta hewa, mara moja, mara mbili, macho yake hayamwachi. "Uje tena, mwanangu. Sijamaliza kukugombeza."